Wekundu wa Silanga Yetu

Leso ile niliitoa chini kabisa ya sanduku la Mwaitu, chini ya shuka za wageni na kofia ya uzi aliyoifuma mwenyewe na hakuwahi kuivaa. Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu Ukambani. Ilikuwa wiki moja baada ya kumzika. Mimi na dada yangu Mumbua tulikuwa tumeketi sakafuni tukigawa nguo zake, hizi za shangazi, hizi za akina mama wa kanisa, hizi haziwezi kupewa mtu. Zote zilinuka sabuni ya mche na moshi. Leso hii haikunuka hivyo. Ilikuwa imekauka kama karatasi, imekunjwa mara nne, na nilipoifungua vumbi la kijivu lilidondoka magotini pangu. Niliijua kabla sijaiinua puani. Kisha nikainusa, na nikawa na miaka minane.

"Hiyo tupa," Mumbua akasema.

"Nitailoweka kwanza."

"Uiloweke ya nini? Imeoza."

Nilichukua beseni, nikamimina maji ya kisima cha mtoni, nikaitumbukiza leso na kuiacha barazani. Sikuwa na mpango wowote. Nilishindwa tu kuitupa.

Kwetu ni upande wa chini wa Matiliku, ambako mvua huja mara mbili kwa mwaka ikiwa imeamua kuja. Babu yetu alichimba silanga pale bondeni, shimo pana la kukusanya maji ya mvua, na tuliitumia sisi na nyumba mbili za jirani. Udongo wa hapo una chumvi. Ng'ombe huulamba. Silanga ikijaa, maji yalikuwa matamu na yenye rangi ya chai ya maziwa. Lakini jua huchukua maji na kuacha chumvi, kwa hivyo kadiri silanga ilivyopungua ndivyo maji yalivyokolea, mpaka mwisho ulikunja uso ukinywa.

Maji hayo hayakuwa peke yake. Wiki ya kwanza ya mvua, kabla vyura hawajachoka na kelele zao, walitokea wadudu wanaoogelea kwa mgongo, warefu kama ukucha, miili yao ya kuonekana ndani, miguu yao mingi ikipepea kama kope. Nilidhani wanaanguka na mvua. Niliwahi kusimama uani mdomo wazi, nikiangalia juu, nione kama nitamkamata mmoja kabla hajafika chini. Hao walikaa muda mfupi wakaisha. Baada yao walikuja warukaji, vidoti vilivyopanda na kushuka majini kwa kurukaruka, kama viroboto wasio na haraka. Na mwisho, maji yalipoanza kuwa na chumvi, walikuja wekundu. Wekundu walikuwa wadogo kuliko ufuta. Ukiwachota kwa kiganja na kuwatazama kwa makini uliona wengine wamebeba vifuko viwili nyuma, kimoja kila upande, kama punda na mitungi yake.

Mwaitu hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka mitatu, lakini alisoma silanga kama watu wanavyosoma kalenda. Alichota kwa kibuyu, akakiinamisha kwenye mwanga, akatazama.

"Mwaitu, maji yanasemaje?" Mumbua alikuwa akiuliza.

"Yanasema bado."

Akiona warukaji alituachia tufue. Akiona wekundu alikataza kufua na akaanza kuhesabu wiki. Na siku asipoona chochote kinachotembea, alirudisha maji hayo na kufukuza hata mbuzi. "Maji yasiyo na mtu ndani yake usiyaamini," alisema.

Maji ya kunywa tuliyachuja. Alifunika mdomo wa mtungi kwa leso iliyokunjwa mara mbili, akaifunga kwa kamba, akamimina polepole. Wadudu walibaki juu ya kitambaa, kijikundi chekundu kinachohangaika. Hapo ndipo palikuwa na sheria ambayo sijaiona kwingine. Leso haikusuuzwa nyumbani. Aliigeuza palepale ukingoni, akaisuuza kwenye silanga taratibu mpaka wote watoke, kisha ndipo tukaondoka. Hata mvua ikitisha, hata tukiwa tumechelewa kanisani.

"Kwa nini tunawarudisha?" niliuliza.

"Mama yangu aliwarudisha."

"Na yeye kwa nini?"

"Nenda umuulize," alisema, naye mama yake alikuwa amezikwa kabla sijazaliwa.

Mwaka ninaousema, Mumbua alikuwa darasa la nane. Alikuwa mtu wa kwanza nyumbani kwetu kufika huko, na mwalimu wake alikuwa amekuja kwa miguu kumwambia Mwaitu kwamba msichana huyu anaweza kuitwa sekondari nzuri. Baba alikuwa mlinzi katika mji mmoja wa barabara ya Mombasa, na alikuja mwisho wa mwezi. Punda alikuwepo mmoja. Silanga ikikauka, mtu alipaswa kwenda na punda mtoni, ambako maji hufukuliwa chini ya mchanga, kuondoka kabla ya jogoo, kupanga foleni na kurudi mchana. Mimi sikuweza hata kuinua mtungi mtupu juu ya tandiko. Kwa hivyo kila mtu alilijua jambo hili bila kuambiwa: silanga ikifika mtihani, Mumbua anabaki shule. Isipofika, anakuwa wa punda.

Jumapili moja jioni Mwaitu aliinamisha kibuyu na kusema, "Wekundu wameingia."

Mumbua aliacha kuchota. "Wiki ngapi?"

"Saba. Tukichota kwa adabu, nane."

"Mtihani uko wiki tano."

"Basi mbona unanitazama hivyo? Utaandika mtihani wako, mama."

Mumbua alicheka akanirushia maji. Mimi nilikuwa nimechuchumaa nikiwatazama wekundu kiganjani. Nilikuwa nimegundua jambo na nikataka nisifiwe kwa ugunduzi wangu. "Kila mwaka hawa wakija," nilisema, "maji yanaanza chumvi. Wasipokuja hayana."

"Si wanakojoa chumvi," Mumbua akasema.

"Uongo."

"Hujui? Kila mmoja tone moja kwa siku. Sasa hesabu hao wote."

"Mumbua, wacha kudanganya mtoto," Mwaitu akasema. Lakini naye alikuwa anatabasamu, na hakuniambia ukweli ni upi. Mimi nililichukua lile tabasamu kuwa ndiyo.

Watoto wa madarasa ya chini tulirudi nyumbani saa sita. Mumbua alirudi jioni. Mwaitu mchana alikuwa shambani ng'ambo ya mlima. Mchana ulikuwa wangu, na Jumatatu ile nilichukua leso moja ya kuchujia nikaenda silanga.

Maji yalikuwa yamebaki mapana kama uwanja wa nyumba moja, na mahali pa kina palinifika mapajani. Niliishika leso ncha mbili kwa mikono, nyingine mbili nikazifunga kiunoni, nikatembea nikiivuta majini kama mtu anayekusanya majani. Niliporudi ukingoni ilikuwa imejaa. Rundo la kwanza nililimwaga kwenye nyasi likakaa kama uji wa wimbi. Nikaingia tena. Nilifanya hivyo mpaka vivuli vikarefuka, na siku ya pili, ya tatu na ya nne. Nilikuwa naimba. Sisemi hivi kujipunguzia. Nilikuwa na furaha kweli. Kila nilipotoka nilionja maji kwa ncha ya ulimi, na kila siku niliona chumvi imepungua. Haikuwa imepungua. Nilitaka ipungue.

Marundo yalikauka yakaanza kunuka. Harufu hiyo sikuwa na jina lake wakati ule. Miaka mingi baadaye, mtu alipoleta samaki wakavu sokoni Kasikeu, nilisimama katikati ya watu nikasahau nilichokuja kununua. Siafu walifika, wakabeba wekundu mmoja mmoja, mstari mrefu kuelekea kichakani, na nakumbuka nilivutiwa kuona kwamba waliokuwa na vifuko walibebwa na siafu wawili. Siku ya nne kulikuwa na wekundu wachache mno. Maji yalikuwa matupu na safi. Niliikunja leso mbichi bila kuisuuza nikaificha nyuma ya ghala. Nilipanga kumwambia Mumbua siku ya mtihani, iwe zawadi.

Wiki iliyofuata maji yalianza kuwa kijani. Kwanza ukingoni tu, kama mtu amemwaga maji ya mchicha. Baada ya siku mbili yote yalikuwa kijani, mazito, na asubuhi juu yake kulikuwa na utando unaovutika. Yalinuka. Mbuzi walishuka, wakanusa, wakarudi juu. Mwanambuzi mmoja aliyekunywa alilala ubavuni akafa jioni. Mwaitu aliinamisha kibuyu, akatazama, akakitazama upande mwingine. Alikaa chini palepale kwenye tope.

"Wako wapi?" alisema. Hakuwa anaongea na mimi.

Mumbua aliporudi shule alikuta mitungi minne imetolewa nje na tandiko la punda limewekwa kwenye ukuta. Aliitazama mitungi, kisha akatelemka mbio silanga na kurudi akihema. Majirani wawili walikuwa uani, wamekuja kuuliza. Mbele yao Mumbua alisema, "Umemwaga sabuni."

"Nani?" Mwaitu akauliza.

"Wewe. Umefua pale. Ulisema wiki saba! Hata mbili hazijaisha. Maji hayafi hivyo peke yake."

"Mumbua, sikumwaga kitu."

"Hukutaka niende! Tangu mwalimu aje hukutaka!"

"Mwanangu. Sikumwaga kitu."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Mikono yangu ilikuwa bado inanuka wekundu, nilikuwa nimeisugua kwa majivu na harufu haikutoka. Nilijua kidogo. Sikujua ni kwa nini, lakini nilijua kwamba mtu aliyegusa yale maji ni mimi. Jirani mmoja alimtazama Mwaitu, kisha akatazama kamba yake ya nguo, ambako kwa bahati mbaya kulikuwa na shuka mbili zimeanikwa. Nilifungua mdomo. Nilikuwa na miaka minane na niliogopa kuchapwa. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine nzuri zaidi na sijaipata.

Mumbua alienda na punda wiki zote zilizobaki. Mtihani aliuandika, akiwa amekosa masomo ya mwisho na vidole vimepasuka kwa kufukua mchanga. Alama hazikutosha kwa shule ile. Akaenda kulea watoto wa watu, halafu akaolewa Nunguni, juu kwenye baridi na ukungu, ambako maji yanatiririka kando ya njia na hakuna mtu anayeyatazama. Ana kabichi, ana ng'ombe wa maziwa, ameendelea kuliko mimi. Mimi niliishia darasa la nane na kubaki na Mwaitu.

Lakini Mumbua hakuwahi tena kunywa maji nyumbani kwetu. Alikuja kila Krismasi na gunia la kabichi, akamsalimia Mwaitu kwa heshima zote, akapika na kufagia, na akanywa chai kama mgeni yeyote. Maji alikuja nayo kwenye chupa, kutoka Nunguni. Mara ya kwanza Mwaitu alimletea kikombe. Mumbua akasema, "Asante, niko nayo." Baada ya hapo hakumletea.

Miaka michache iliyopita walikuja vijana wawili kupima mabwawa ya sehemu zetu, na mmoja, msichana mwenye chandarua kidogo cha duara na chupa nyingi, alikuja kwetu kila asubuhi kwa siku tatu. Nilimbebea ndoo. Aliniweka nitazame kwenye kioo chake cha kukuzia, na nikawaona wekundu wakubwa kama kidole, mmoja na jicho lake moja katikati ya kichwa, na vile vifuko vimejaa vidoti.

"Hayo ni mayai," akaniambia. "Maji yakiwa mazuri yanaanguliwa upesi. Maji yakikaribia kwisha, wengi hutaga mengine, yenye ganda gumu. Hayo yanakaa kwenye tope kavu, mwaka, miaka, yakingoja."

"Si yanaanguka na mvua?"

Alicheka vizuri, bila kunidharau. "Mvua inawaamsha tu, mama."

"Na wao ndio wanaleta chumvi?"

"Hapana. Wao wanaivumilia, ndiyo maana wenzao wakishindwa wao wanabaki."

Nikamuuliza wanakula nini. Akasema wanakula ule ukijani, ule mdogo usioonekana, mchana na usiku wanautafuna kama mbuzi wanavyotafuna majani. Nikamuuliza, kana kwamba nauliza habari za watu wengine, kama mtoto akiwatoa wote kutakuwa nini. Akafikiri. Akasema kwenye bwawa dogo, la jua kali, ukijani unaweza kufumuka. Na kama mtoto huyo alitembea humo akivuruga tope, hiyo ingeuongezea chakula. "Lakini joto peke yake pia linaweza," akasema. "Siwezi kukuapia."

Kwa hivyo hata mimi siwezi kuapa. Lakini siku hiyo Mwaitu alikuwa hai, ameketi jikoni anachambua kunde, na nilipita mbele yake nikiwa na ndoo tupu na sikusema.

Nilimwambia Mumbua usiku ule ule tulipogawa nguo, baada ya kula. Nilimwambia yote, leso, siku nne, siafu, mikono yangu mlangoni. Sikulia, ili asilazimike kuninyamazisha. Alinisikiliza akiwa ameshika kifuniko cha sufuria.

"Kwa hivyo hakumwaga kitu," akasema.

"Hakumwaga."

"Na ulijua."

"Nilijua nusu. Baadaye nikajua."

Alikiweka kifuniko chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Ulingoja azikwe," akasema.

Hakuongea nami siku mbili. Alifanya kazi zote, aliongea na majirani, na akawa anapita kando yangu kama unavyopita kando ya nguzo. Siku ya tatu ilikuwa ya kuondoka kwake. Begi lilikuwa tayari mlangoni na chupa yake ya maji iko mezani, robo imebaki. Nilikuwa nikiwasha moto nikamsikia barazani.

"Kuja uone."

Alikuwa amechuchumaa juu ya beseni. Nilikuwa nimeisahau leso. Tope lilikuwa limelainika na kutua chini, maji yametulia, na ndani yake kulikuwa na vitu vinatembea. Vidogo sana. Ilibidi uache kutafuta ndipo uvione, vidoti vyeupe vinavyosogea kwa kushtukashtuka. Sijui mayai yale yalikaa ndani ya leso ile kwa namna gani, miaka yote hiyo. Mwaitu aliipata nyuma ya ghala, hilo ni lazima, kwa sababu mimi sikuwahi kuirudia. Hakuifua na hakuitupa. Aliikunja mara nne akaiweka chini ya kila kitu. Kama aliinusa akajua, hakuniambia, na sitamsemea.

"Ndio hawa?" Mumbua akauliza.

"Nadhani ni watoto wao. Bado hawajawa wekundu."

Alitazama muda mrefu. Kisha bila kuinua kichwa akasema, "Lakini kwa nini ulifanya? Hujaniambia kwa nini."

Kweli sikuwa nimemwambia. Ilikuwa sehemu pekee niliyoibakiza, kwa makusudi.

"Nilitaka chumvi ipungue. Maji yafike mtihani wako."

"Kwa kuwatoa?"

"Nilidhani wanakojoa chumvi."

"Nani alikuambia upuzi kama huo?"

Nilitazama beseni. Yeye alinitazama mimi, na niliuona uso wake ukirudi nyuma, mwaka baada ya mwaka, mpaka ukafika.

"Ni mimi?"

"Ni wewe."

"Nilisema hivyo?"

"Kila mmoja tone moja kwa siku. Ukasema nihesabu."

Alifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani analia, na nadhani alikuwa analia, lakini kilichotoka ni kicheko, kile cha zamani cha kurushia watu maji, kikamtikisa mpaka akakaa sakafuni na miguu mbele kama mtoto. Nami nikakaa. Tulicheka na kulia hadi jirani akaja uani kuona kuna nini, akatuona tumezunguka beseni la tope, akarudi.

"Mwaitu alisema niache kukudanganya," Mumbua akasema alipoweza.

"Alisema."

"Sikumsikia hata siku hiyo."

Alijipangusa kwa kanga. Alisogeza kidole juu ya maji bila kuyagusa. Nikamwambia tunaweza kuwapeleka silanga, na papo hapo nikakumbuka kwamba ni kavu, tope limepasuka vipandevipande, wangekufa. Itabidi wangoje mvua kwenye beseni. Mtu awe anawaongezea maji kidogo kila jioni.

"Mvua ni lini?" akauliza, mtu wa Nunguni.

"Ikiamua."

Aliinuka. Alilichukua begi mlangoni akalirudisha ndani, nikasikia zipu. Alipotoka alikuwa amevaa gauni la nyumbani.

"Mwiitu wa mwaitu," akaniita, binti wa mama yangu, vile hakuwa ameniita tangu tukiwa wadogo. "Nipe maji."

"Chupa yako iko mezani."

"Nimesema maji. Ya ndoo."

Nilimchotea kikombe. Aliyatazama kwenye mwanga, akayanywa yote akiwa amesimama. Yana chumvi kidogo maji yetu. Alikunja uso, akaninyooshea kikombe nimwongeze.